Kuipa nguvu kompyuta ya kazi nzito kwa vifaa vya mtumba: mwongozo kamili kwa tulio mbali na Kariakoo

Mashine tatu zimefika mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, zikiwa na tatizo moja. Mpima ardhi wa Iringa alinunua prosesa isiyokaa kwenye soketi yake. Mhariri wa video za harusi alinunua kadi ya grafiki inayotaka waya wa umeme ambao pawa saplai yake haina. Wa tatu, kutoka Makambako, alinunua RAM za GB 64, na mashine ikazikataa kwa kupiga milio mitano na kuzima.

Vifaa vyote hivyo vilikuwa vizima. Hakuna aliyeuziwa kibovu. Walinunua kwanza, wakaichunguza mashine baadaye, na kukirudisha kifaa Dar ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa basi, kama muuzaji atakubali kukipokea. Ndiyo maana nusu nzima ya mwongozo huu inafanyika kabla hujatuma hata shilingi moja.

Nitatumia mifano ya HP Z440 na Dell Precision T5810, kwa kuwa ndizo ninazoziona zaidi kwenye ofisi za ramani na studio za video. Kama yako ni Lenovo ThinkStation P510, karibu kila kitu hapa kinakuhusu.

## Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ya nyota, na bisibisi za Torx T15 kwa mashine za HP
- Fleshi mbili za GB 8 au zaidi
- Pesti ya joto ya prosesa, mpya
- Pombe ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, na kitambaa kisichoacha nyuzi
- Betri ya CR2032
- Brashi laini na pampu ya upepo
- UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), hata ya kuazima
- Simu yenye kamera nzuri
- Diski ya nje yenye nakala ya kazi zako zote

Hiyo ya mwisho usiiruke. Kama nakala ya mafaili haipo nje ya mashine, usifungue hata skrubu moja.

Pakua pia programu hizi za bure: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO, CrystalDiskInfo, H2testw, MemTest86, FurMark na Cinebench.

## Hatua ya 1: Ijue mashine uliyonayo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Nakili jina la modeli, prosesa, na toleo la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) pamoja na tarehe yake.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko na upige picha. Piga lebo ya pawa saplai. Piga kila waya wa umeme ulioachwa bila kazi, na uhesabu pini za kichwa chake. Piga sloti za RAM, na lebo ya kila RAM iliyomo. Picha hizi ndizo utakazomtumia muuzaji, na ndizo zitakazokuokoa ukisahau waya fulani ulitoka wapi.

Kwa nini usiamini jina la mashine peke yake? Kwa sababu Z420 na Z440 ukiziweka pamoja zinafanana kama mapacha. Lakini Z420 inatumia prosesa za Xeon E5 za toleo la kwanza na v2 zenye RAM za DDR3, na Z440 inatumia v3 na v4 zenye DDR4. Soketi zote mbili zina pini 2011, ila ya Z440 ni 2011-3, na prosesa ya moja haiingii kwenye nyingine. Yule ndugu wa Iringa ndipo alipokwama.

Mwenye Z420 aangalie na jambo jingine. Ingia kwenye BIOS usome tarehe ya Boot Block. Ikiwa ni ya mwaka 2011, mazabodi (bodi kuu) hiyo haitapokea prosesa za v2 hata ukisasisha BIOS mara kumi. Ikiwa ni ya 2013, inapokea.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kujibu bila kufungua kifuniko tena: soketi gani, RAM aina gani, sloti ngapi ziko wazi, pawa saplai ya wati ngapi, na nyaya gani za kadi ya grafiki zipo.

## Hatua ya 2: Tafuta panapobana

Wengi hukimbilia prosesa kwa sababu namba zake zinavutia. Mara nyingi tatizo haliko huko.

Fungua kazi yako halisi, ile inayokuchosha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, na uangalie kwa nusu saa huku unafanya kazi.

Kumbukumbu ikisimama juu ya asilimia 90, ongeza RAM. Diski ikikaa asilimia 100 huku prosesa imetulia, hamia SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka). Nimeona mashine za studio zenye prosesa nzuri kabisa zikiburuzwa na diski ya zamani ya kuzunguka (HDD). Viini (cores) vyote vya prosesa vikijaa unapotoa video, hapo ongeza viini.

AutoCAD na ArchiCAD zina tabia yake. Kazi nyingi ndani yake hutegemea kasi ya kiini kimoja. Mchoraji akitoka kwenye E5-1650 v4 yenye viini 6 na kasi ya GHz 3.6 hadi 4.0, akaenda E5-2680 v4 yenye viini 14 vya GHz 2.4 hadi 3.3, anaweza kujikuta amelipa hela ili uchoraji uwe mzito zaidi. Prosesa hiyo ya pili inamfaa anayetoa picha za 3D au kuunganisha picha za droni.

Kwa wahariri wa video: Xeon E5 hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo kufungua video za simu na kamera kunaangukia kwenye kadi ya grafiki au kwenye nguvu za prosesa yenyewe. Kwako, kadi yenye kumbukumbu kubwa itasaidia kuliko viini vya ziada.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

Chukua karatasi. Andika wati za prosesa: E5-1650 v4 ni 140, E5-2680 v4 ni 120. Andika wati za kadi. Ongeza 80 hadi 100 kwa mazabodi, RAM, feni na diski. Jumla ikae chini ya asilimia 70 ya kile kilichoandikwa kwenye pawa saplai, kwa sababu pawa saplai iliyotumika miaka minane haina tena nguvu za ujana wake.

Mfano: prosesa ya wati 140, kadi ya Quadro M4000 ya wati 120, na 100 za mengine, unapata 360. Pawa saplai ya wati 685 ya T5810 inabeba hilo bila shida.

Halafu nyaya. Sloti ya kadi inatoa wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Quadro K2200 (wati 68) na P2000 (wati 75) zinaishi kwa sloti pekee, hazihitaji waya. P4000 na M4000 zinataka pini 6. Kama picha zako za Hatua ya 1 hazionyeshi waya huo, usiinunue kadi hiyo.

Onyo. Mtu atakuambia upo waya wa kugeuza umeme wa SATA (ule wa diski) kuwa pini 6. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba kama wati 54 kwenye volti 12, na kadi inaweza kuvuta 75 kupitia pale. Plastiki inayeyuka. Usikubali hata ukipewa bure.

Na usidhani utabadilisha pawa saplai kirahisi. Za HP na Dell kwenye mashine hizi zina vichwa na maumbo yake. Ya kawaida ya dukani haiingii.

## Hatua ya 4: Soma lebo, si tangazo

RAM. Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Lebo itasema kitu kama 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R. PC4 maana yake DDR4. Tafuta herufi inayofuata kistari kilicho baada ya namba ya kasi (hapa 2400T): R ni RAM yenye rejista, U ni ya kompyuta za kawaida, E ni ya kawaida yenye ECC (inayosahihisha makosa), L ni ile ya mzigo uliopunguzwa (LRDIMM). Z440 na T5810 zinataka R kwa kawaida. Usichanganye R na L, wala R na U, mashine haitawaka. RAM za Makambako zilikuwa U.

Nunua nne zinazofanana, au nane. Prosesa hizi zina njia nne za kumbukumbu, na ukiweka mbili tu unatumia nusu ya barabara. RAM ya 2400 kwenye prosesa ya v3 itakimbia kwa 2133, na hilo si kosa.

Prosesa. Omba picha ya juu yenye maandishi yanayosomeka na picha ya chini. Chini angalia sehemu za dhahabu: mikwaruzo mirefu, weusi, au kipande kidogo kilichong'oka pembeni. Maneno kama "ES" au "Confidential" juu yake yanaonyesha ni prosesa ya majaribio ya kiwandani. Iache.

Kadi ya grafiki. Kadi za Kepler (kizazi cha zamani cha NVIDIA), kama Quadro K2000 na K4000, hazitolewi tena draiva mpya. Bei yake inavutia kwa sababu hiyo hiyo.

Diski. SSD ya SATA ni salama na rahisi. Za NVMe, zenye kasi zaidi, zinahitaji kadi ndogo ya kuchomeka kwenye sloti na BIOS ya karibuni.

Jambo moja kuhusu Windows kabla hujamwaga hela nyingi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon E5 v3 na v4 hazimo kwenye orodha rasmi ya prosesa za Windows 11. Mashine itaendelea kufanya kazi, ila amua mapema utaishi nayo vipi, hasa kama inakaa kwenye intaneti siku nzima.

## Hatua ya 5: Kipimwe kabla ya kupanda basi

Muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Mimi huandika hivi:

"Kaka, habari za kazi. Nipo Mbeya, kurudisha kwangu ni gharama. Naomba video moja bila kukata: kadi ikiwa ndani ya mashine, GPU-Z imefunguliwa, FurMark ikikimbia dakika 10, halafu uonyeshe namba ya nyuma ya kadi. Nikiridhika natuma hela sasa hivi."

GPU-Z mpya huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyobadilishwa majina, kwa mfano kadi ya zamani ya GTS 450 iliyovishwa jina la GTX 1050 Ti. Kwa SSD, omba picha ya CrystalDiskInfo. Linganisha saa za kuwaka na kiasi kilichoandikwa: diski yenye saa 12 na terabaiti 60 zilizoandikwa imefutiwa historia.

Kubalianeni kwa maandishi siku za kurudisha, nazo zihesabiwe tangu kifurushi kifike stendi. Sisitiza mfuko wa kuzuia umeme tuli na boksi gumu. RAM iliyofungwa kwa gazeti ndani ya kaki imenifikia ikiwa imepinda.

## Hatua ya 6: Kifurushi kimefika, usikifungue bado

Mabasi mengi hufika usiku au alfajiri. Mwezi wa saba boksi linakuwa baridi kama maji ya Kiwira, nawe unaliingiza kwenye chumba chenye watu na jiko. Unyevu wa hewa hugeuka umande juu ya chuma baridi. Liache saa mbili limefungwa, lipate joto la chumba.

Baridi yetu ya Juni hadi Agosti ni kavu, na sote tunavaa masweta. Ukivua sweta usiku ukasikia linapasuka cheche, huo ndio umeme unaoua RAM bila wewe kuhisi. Vua sweta kabla ya kazi. Fanyia juu ya meza ya mbao, si kwenye zulia wala blanketi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 kumaliza mabaki, kisha gusa chuma cha kasha kisicho na rangi kila mara kabla hujashika kifaa.

Safisha vumbi lote sasa. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke. Tupo juu ya mita 1,500, na hewa nyepesi ya huku hubeba joto kidogo kuliko ya Dar. Ukiongeza na vumbi la kiangazi, mashine inapumua kwa shida.

## Hatua ya 7: Betri na BIOS, huku prosesa ya zamani ikiwa ndani

Mashine yenye BIOS ya enzi za v3 haitaitambua prosesa ya v4. Ukibadilisha prosesa kwanza, utakaa mbele ya kioo cheusi bila njia ya kusasisha chochote.

Badilisha betri ya CR2032. Pakua BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa modeli yako hasa, iweke kwenye fleshi iliyofomatiwa FAT32. HP unaingia kwa F10, Dell kwa F2 au F12.

Onyo. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa. Tumia UPS, na usifanye siku ya mvua yenye radi. Kama huna UPS, azima au subiri.

Umefaulu mashine ikijiwasha upya na msinfo32 ikaonyesha tarehe mpya ya BIOS.

## Hatua ya 8: RAM

Badilisha kitu kimoja, washa, pima, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na mashine ikagoma, hutajua nani mkosaji.

Mpangilio wa sloti huchapwa ndani ya kifuniko au kwenye mwongozo wa modeli. Ufuate. Bonyeza pande zote mbili mpaka usikie zimebana.

Ukiwasha, kioo kinaweza kukaa cheusi dakika moja au mbili mashine ikijifunza RAM mpya. Usizime kwa hofu. HP za kizazi hiki zikipiga milio mitano huku taa nyekundu ikiwaka na kuzima, ni RAM; sita ni kadi ya grafiki; mitatu ni prosesa. Chomoa, futa sehemu za dhahabu, jaribu moja moja.

Kisha washa MemTest86 kutoka kwenye fleshi uiache usiku kucha. Unatafuta makosa sifuri. Kosa moja tu linatosha kuirudisha RAM, kwa sababu kosa hilo ndilo litakaloharibu faili la mteja wiki ya tatu.

## Hatua ya 9: Prosesa

Iwashe mashine dakika tano ili pesti ya zamani ilainike. Zima, chomoa. Legeza skrubu nne za kipoza joto kwa mkingamo, kidogo kidogo. Kabla ya kuinua, izungushe kushoto na kulia taratibu mpaka iachie.

Soketi ina lachi mbili. Alama ya kufuli inaonyesha ipi ifunguliwe kwanza. Inua prosesa kwa kingo. Pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama unywele, na prosesa ikidondoka juu yake kutoka sentimita mbili tu, umemaliza mazabodi. Usipitishe kidole, kitambaa wala brashi hapo.

Linganisha pembetatu ndogo ya prosesa na ya soketi. Ilaze, usiisukume. Funga lachi. Futa kipoza joto kwa isopropili. Spiriti yenye rangi huacha mafuta. Weka pesti kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha kipoza joto, kaza skrubu kwa mkingamo.

Ukiwasha, HWiNFO ionyeshe jina la prosesa mpya na viini vyake vyote. Kimbiza Cinebench dakika 10. Joto likitulia chini ya nyuzi 75, kazi ni safi. Likivuka 85, zima. Mara nyingi ni skrubu moja haijakaza au pesti haikufika kote.

## Hatua ya 10: Kadi, kisha diski

Ondoa draiva ya kadi ya zamani kwanza. Chomeka kadi kwenye sloti ndefu, ifunge, weka waya wake, na uhamishe kebo ya kioo kwenye kadi mpya. Weka draiva, kimbiza FurMark dakika 15. Nukta za rangi, mistari, au kioo kuzimika ni sababu ya kuirudisha.

SSD ipime ukubwa wake wote kwa H2testw ikiwa tupu, kwani zipo zinazojitangaza TB 1 na kubeba robo yake. Kwa SSD ya SATA, kwenye CrystalDiskInfo mistari ya 05, C5 na C6 iwe sifuri. Ndipo uhamishe Windows, na diski ya zamani uiache kabatini bila kuifuta kwa mwezi mmoja.

## Hatua ya 11: Siku nzima ya kazi halisi

Majaribio hayatoshi. Fungua mradi mkubwa ulio nao, ule uliokufanya utafute vifaa, na ufanye nao kazi kutwa huku HWiNFO ikiandika joto.

Angalia na UPS yako. Ile ndogo ya VA 650 hutoa takribani wati 360, na mashine uliyoiongezea nguvu inaweza kuivuka pale unapotoa video. Chomoa UPS ukutani kwa sekunde kumi huku mashine ikiwa na mzigo, baada ya kuhifadhi kazi zako. Ikizimika, tafuta UPS kubwa kabla umeme haujakatika wenyewe.

Mwisho, andika kwenye karatasi tarehe, kila kifaa ulichoweka, namba yake, na siku ya mwisho ya kurudisha. Ibandike upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo fundi mwingine ataiona kabla hajashika bisibisi.